Kwa Nini Mtoto Mchanga Hushtuka Usingizini

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi alale tu. Hadithi hii haina kinyongo na aliyelala. Mambo haya ni ya zamani, kabla nyota hazijawa vitone vya kutazamwa kwa mbali. Siku hizo nyota walikuwa watu, na mbingu ilikuwa nchi yao, nchi pana isiyo na ukingo. Hapakuwa na mchana wala usiku, maana kila mtu alitembea na mwanga wake.

Kila mtu wa nchi ile alizaliwa na jiko kifuani, na kuni zake zote zilikuwa humo humo. Hapakuwa na msitu wa kwenda kuongeza nyingine. Watu wadogo walikuwa wabahili: walichoma kijiti kimoja, wakakaa nacho, wakachoma kingine, wakaishi miaka isiyohesabika. Wakubwa hawakuweza. Uzito wao wenyewe uliwaelemea, na moto ndio uliowainua, kama mvuke unavyoinua kifuniko cha sufuria. Wakipunguza moto, wanajiangukia. Basi walichochea tu. Kuni zikiisha walichoma majivu ya zile kuni, na hayo yakiisha walichoma majivu ya majivu, na kila moto mpya ulikuwa mkali na mfupi kuliko uliotangulia. Majivu ya mwisho kabisa yalikuwa chuma. Na chuma, hata mhunzi atakwambia, hakiwi kuni.

Palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Maige, mdogo wa umbo, mwekundu, mbahili wa moto kupindukia, ambaye kwa ubahili huo alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kuita majina. Alipita na fimbo yake akiita mmoja mmoja, na aliyeitwa alijibu kwa kuchochea moto wake kidogo. Asiyejibu mara tatu, jina lake lilitolewa, na jamaa zake wakaondoa matanga. Walikuwa na msemo wao kule: pasipo moto hapana mtu. Waliuamini kama nyie mnavyoamini kwamba maji hulowesha.

Sasa, katika nchi hiyo aliishi mwanamke mkubwa, Nkwimba, mweupe kwa joto, mwenye kicheko cha kusikika mitaa saba. Aliolewa na Luhende, mkubwa kuliko yeye. Kuoana kwa watu wale kulikuwa kuzungukana. Bwana na bibi walisimama mbalimbali, wakatazamana, wakaanza kwenda mzunguko, na kati yao ukabaki uwanja usiokanyagwa na yeyote. Kushikana mikono hakukuwepo. Wenye moto wawili wakigusana huunguzana, na hilo halikuhitaji kufundishwa.

Mzunguko wa Nkwimba na Luhende ulisifiwa. Hawakupishana hata hatua moja, na muda wote walipiga soga kuvuka uwanja wao. Siku moja Nkwimba alimwuliza, "Mwenzangu, hivi mkono wako ukoje?"

"Wa moto," Luhende akasema. "Kama wako."

"Hilo najua. Nauliza ukoje."

Luhende akafikiri mzunguko mzima. "Sijui, mke wangu. Hakuna aliyewahi kuushika akanipa habari."

Kwa kuwa alikuwa mkubwa zaidi, Luhende ndiye aliyemaliza kuni kwanza. Jiko lake likawa kali, mwili ukafura, nguo zake zikajaa mpaka ukingoni mwa uwanja, zikavuka, zikaanza kumwagikia upande wa mkewe. Nguo za watu wale, mjue, zilikuwa kuni zile zile, zile ambazo bado hazijaingia jikoni.

"Zichukue," Luhende akasema. "Mimi hazinifai tena. Jiko langu limeshapita huko."

"Nikizichukua wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na mke mnene."

Nkwimba akacheka, kisha akalia, kisha akazichukua. Majirani, ambao hawajawahi kukosa la kusema, walisema anamla mumewe hai. Yeye alinenepa na kung'aa, na Luhende akabaki mwembamba, uchi, mkali kama kaa. Aliyekuwa mkubwa akawa mdogo, na mdogo akawa mkubwa.

Chuma kilipoingia jikoni, Luhende alijua mara moja. Alisema, "Nkwimba, usiache kuzunguka," na hilo lilikuwa neno lake la mwisho. Moto ukazima, mwili ukajiangukia, na kule kuanguka kukaipasua mbingu kwa mwanga. Watu wa mbali kabisa, ambao maisha yao yote hawakuwahi kuona kivuli, siku hiyo waliviona vivuli vyao vimelala nyuma yao. Hayo ndiyo yalikuwa maziko ya heshima kwa mtu mkubwa: kuondoka ukiwa umeonwa na nchi nzima.

Mwanga ulipotulia, pale alipokuwa Luhende palikuwa peusi. Mpasuko ulimsukuma Nkwimba, mzunguko wake ukaharibika, ukawa mara karibu mara mbali, kama mwendo wa mtu anayechechemea. Lakini hakuacha. Mzee Maige akaita jina la Luhende mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hapakuwaka kitu. Akaenda kwa mjane, akifuatana na Holo, dada wa marehemu.

"Shikamoo, baba," Nkwimba akasema bila kusimama.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni mkae. Au mmefuata moto?"

Mzee Maige hakuwa mtu wa utani. "Nimekuja kukufungua," akasema. "Jina la mumeo nimeliita mara tatu. Wewe unazunguka nini sasa?"

"Namzunguka Luhende."

"Luhende hayupo. Pasipo moto hapana mtu. Una mwili, una kuni, toka hapo utembee, utapata mwingine wa kuzungukana naye."

"Nitembee kwenda wapi, baba?"

"Mbele. Moja kwa moja."

Nkwimba alikuwa mwanamke mwenye adabu. Aliinua mguu akakanyaga mbele, moja kwa moja, kama alivyoambiwa. Mguu ukapinda. Akajaribu tena kwa nguvu zake zote, akaenda hatua, na hatua ile nayo ikapinda, na mwisho wake ulikuwa pale pale upande wa pili wa uwanja.

"Umeona mwenyewe," akasema. "Kama pale hapana mtu, ni nani anayenipinda mguu?"

"Mazoea, mwanangu. Mazoea yana taabu."

Wakati wakibishana, Holo alikuwa ametazama kitu kingine. Upindo wa nguo ya Nkwimba ulikuwa umenyooka kuelekea pale penye giza, umekuwa mwembamba kama uzi, na uzi ule ulijizungusha mara nyingi kabla ya kumezwa. Kabla tu ya kumezwa uliwaka mwanga mkali ambao Holo hajawahi kuuona kwa mtu yeyote aliye hai.

"Mzee," akasema, "pale panawaka."

"Kinachowaka ni nguo ya huyu huyu," Maige akajibu.

"Ni yangu kweli," Nkwimba akasema. "Lakini anaivuta nani?"

Mzee Maige akageuka akaenda zake. Jina la Luhende likatolewa, na kutoka siku hiyo watu walipompita Nkwimba walimwonea huruma, mwanamke mwenye mwili wake, anazunguka patupu. Wengine walifundisha watoto wao wasimtazame.  Kila Nkwimba alipofika upande wa karibu aliuhisi ule uzito ukimvuta, ule ule wa siku zote, na hilo lilimtosha.

Zikapita enzi. Nguo alizorithi zikampeleka haraka, maana mkubwa ni mkubwa, na sasa zamu ilikuwa yake. Jiko likaingia majivu ya pili, ya tatu yakawa mlangoni, na mwili ukaanza kufura. Hapo Holo akarudi, safari hii peke yake.

"Wifi," akasema, "nina jambo ambalo wazee hawalisemi mbele za watu. Baba na mama yetu walizungukana kama nyie. Baba akaanguka kwanza, mama akabaki naye kama unavyobaki wewe. Zamu ya mama ilipofika alipasuka kwa heshima zote, nchi nzima ikaona. Na mpasuko ule ukamrusha mama huku, baba kule. Mpaka leo hatujui walipo. Wanapita gizani, kila mmoja peke yake."

"Kwa hiyo unaniambia niondoke?"

"Nakwambia nilichokiona. Ukiondoka, unampoteza. Ukikaa upasuke, unampoteza vilevile. Nimelia njia nzima, wifi yangu, sina la kukushauri."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Nkwimba. Giza lenyewe hakuliogopa. Alikuwa amelitazama usoni enzi nzima. Aliogopa kwenda kulala katika giza ambalo Luhende hayumo. Alizunguka akiwaza, na kicheko chake kikapotea kabisa, hata majirani wakaulizana kama anaumwa.

Aliwaza hivi: mtu akijiangukia, kinachoruka ni nini? Ni nguo. Mwili huingia ndani, nguo hutupwa nje, na kule kutupwa ndiko kunakosukuma. Asiye na nguo hana cha kutupa. Basi akiwa ametoa kila kitu mapema, polepole, kwa mkono wake mwenyewe, ataanguka kama mtu anavyokaa chini. Lakini pia hatakuwa na mwanga wa maziko. Hakuna atakayeona kivuli chake siku hiyo. Atakuwa ameondoka kama mwizi.

Sisemi ilikuwa rahisi. Alikuwa mwanamke aliyependa kuonekana, na mnaijua furaha ya kuingia mahali watu wakageuka. Alifikiri mizunguko mingi. Kisha akaanza kuvua.

Nguo zake zilikuwa zimefura mpaka zikaujaza uwanja, zikamfunika na Luhende pia, na kwa mara ya kwanza wote wawili, mweusi na mwenye moto, wakawa ndani ya nguo moja. Humo ndani kutembea kulikuwa kuzito, kama kuvuka mto kwa miguu. Kila hatua iliwachosha, na kila walipochoka walisogeleana kidogo, na kila waliposogeleana nguo ilisukumwa nje. Nkwimba hakuikusanya hata moja. Aliziachia zikaenda, pazia baada ya pazia.

Mzee Maige akaja mbio, wekundu wake umekolea kwa hasira. "Mama mzima unavua nguo hadharani! Unajua utaanguka bila mwanga? Sitakuwa na cha kuwaonyesha watu. Hutazikwa wewe, utapotea tu!"

"Basi nitapotea nikiwa karibu naye, baba," Nkwimba akasema. "Niwie radhi."

 Holo alifuata nyuma akiziokota zile nguo zilizokuwa zikielea, akazikunjua mbinguni, zikawa mawingu mapana ya rangi nyingi. Baadaye watoto wengi wa nchi ile walibebwa ndani ya mawingu hayo kama ndani ya mbeleko.

Nkwimba akabaki mwembamba, uchi, mkali, na uwanja kati yake na mumewe ulikuwa umepungua sana. Chuma kikaingia jikoni. Mzee Maige alikuwa anamtazama. Akapepesa macho, na alipoyafumbua hapakuwa na mtu. Hata cheche haikuruka. Akaita mara tatu kwa sauti iliyochoka, akalitoa jina, akaenda kuita mengine.

Hivyo ndivyo walivyoona walio nje. Kwa Nkwimba mwenyewe ilikuwa kama kuzama kwenye maji ya uvuguvugu, chini, chini zaidi, mpaka uzito wote aliopigana nao tangu kuzaliwa ukaacha kuwa mzigo. Hakuwa na la kuchochea tena. Akapumzika. Na upande wa pili wa uwanja, pale alipopazunguka muda wote huo, akamsikia.

"Umechelewa," Luhende akasema.

"Nilikuwa navua nguo."

Wakacheka wote wawili, na kicheko hakikutoka nje, kwa sababu mahali pale hapatoki kitu.

Kisha wakaendelea kuzunguka. Mngedhani mbingu ni mkeka na wao wanacheza juu yake: kila mzunguko ulikunja mkeka kidogo, na mkunjo ule ukaenda zake mpaka mbali, ukichukua chembe ya nafasi iliyokuwa kati yao. Mikunjo ilikuwa midogo mno, hakuna mguu uliohisi. Hawakuwa na haraka. Watoto wa mawingu walikua wakaoana. Huku chini milima iliinuka, ikaliwa na mvua, ikainuka mingine. Samaki wakatoka majini wakaota miguu, wakasahau walikotoka, na wale wawili walikuwa bado wanazunguka, wanasimuliana mambo ambayo hakuna sikio litakaloyasikia, na uwanja ukipungua kwa upana wa unywele, tena wa unywele.

Mwishoni mambo yakaenda kasi. Kilichochukua enzi kikachukua mwaka, kilichochukua mwaka kikachukua siku. Wakawa wanazunguka mara mia kabla hujamaliza kupumua, na mikunjo ikatoka mmoja juu ya mwingine, ikapanda kama sauti ya mwimbaji anayekaribia kilele. Uwanja usiokanyagwa ukawa hatua kumi. Ukawa kiganja. Nkwimba akanyoosha mikono, Luhende akanyoosha yake, wakashikana, na kwa kuwa hapakuwa tena na moto wa kuunguzana, hakuna aliyeumia. Wakavutana kifuani. Wakawa mmoja.

Yule mmoja alikuwa mwepesi kuliko wawili wale wakijumlishwa. Kilichopungua kilitoka nje, na hakikutoka kama mwanga. Kilitoka kama mtikisiko.

Mzee Maige alikuwa katikati ya kuita majina. Ghafla akajihisi amerefuka na kukonda, kisha amefupika na kupanuka, kisha tena hivyo, na fimbo mkononi mwake nayo vilevile, na mbingu yote, na kila mtu ndani yake, wakubwa kwa wadogo, kwa pamoja. Hapakuwa na mwanga popote. Ilidumu kupepesa jicho, ikavuma kidogo, ikatulia.

"Nani huyo?" Mzee Maige akauliza.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Holo akasema. Alikuwa mzee sasa, amefifia, na machozi yalimtoka bila kuyafuta. "Wametokea pale ulipotuambia hapana mtu."

 Mzee Maige alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mtu mbaya, na mwili wake mwenyewe ulikuwa umeshuhudia. Aliweka fimbo chini, akageukia pale peusi, akaita jina la Luhende, akaita jina la Nkwimba, akangoja. Hapakuwaka kitu. Akainama akaweka kiganja chake chini, akauhisi uzito ukimvuta, akayarudisha majina yote mawili mahali pake. Baada ya hapo wakubwa wengi waliozungukana wakaifuata njia ya Nkwimba, wakavua mapema, wakaanguka kimya, na mzee alipopita penye giza alisimama akaita kama alivyoita kwingine.

Ule mtikisiko wa kwanza haukuishia kwao. Ulisafiri ukapungua, ukasafiri ukapungua zaidi, mpaka ukafika huku kwetu ukiwa mdogo kuliko pumzi. Ulipita kwenye milima, milima haikujua. Ulipita kwenye ng'ombe na wachungaji wake, kwenye wanawake waliokuwa wakitwanga na kuwasema watu, kwenye wanaume waliokuwa wakisubiri kile kinachotwangwa. Kila mtu alikuwa na shughuli. Alikuwepo mmoja tu asiye na shughuli, mtoto wa siku nne, amelazwa chali juu ya kitenge. Huyo ndiye aliyeupata.

Na tangu siku hiyo, mtoto mchanga akiwa amelala, nyumba kimya, hana njaa wala mbu hajamgusa, ghafla hushtuka. Hutupa mikono yote miwili, vidole wazi, kama anayemfikia mtu upande wa pili wa uwanja. Kisha huikunja polepole, huileta kifuani, na kulala tena. Ukimwona hivyo usimwamshe, wala usimwite mtu aje kutazama. Mwache kwanza amalize kumkumbatia.